Meno au Vidonge

Mimi ndiye Virginia, na kabla hujauliza: ndiyo, yule wa vidonge. Kuna watu hapa Dubai hawajui ukoo wangu wala kanisa ninalosali, lakini hilo wanalijua. Basi wacha nilisimulie mwenyewe, maana nimechoka kulisikia likisimuliwa vibaya na watu ambao siku hiyo hata kwenye mesi, ukumbi wetu wa kulia chakula, hawakuwepo.

Mwaka ule wa 2008 nilikuwa nafanya kazi kwenye dobi moja kubwa kule Dubai Investments Park, kampuni iliyofua mashuka na taulo za mahoteli. Asubuhi lori linaleta machafu, jioni yanarudi kwenye mahoteli ya Garhoud na kwingineko yakiwa safi yamekunjwa. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kupiga pasi, ile ya rola ndefu. Wawili mnaliingiza shuka upande huu, wenzenu wawili wanalipokea upande ule. Joto lake usiniulize. Tulilala kambi ya kampuni nyuma ya kiwanda, wanawake jengo lao, wanaume lao, katikati kamba za kuanikia nguo, na mbele kabisa lango la mlinzi. Mlinzi huyo ndiye alikuwa shida yangu.

Jina lake Naftali, na ni baba mkwe wangu. Usicheke. Nimemzidi umri, lakini ni ndugu wa mwisho wa marehemu baba yake Duncan, mume wangu, na kwetu Kisii ndugu wa baba ni baba hata kama bado ananyonya. Ndiye aliyeniombea kazi pale. Ndiye aliyemwahidi Duncan kwamba atanitazama, na kila Jumapili alimpigia simu kumpa habari zangu. Lakini kunitazama kwenyewe hakuwezi! Mkaza mwana na baba mkwe wana heshima yao. Hamketi bega kwa bega, hamtaniani, na mambo ya mwili hayatajwi, yaani hayatajwi kabisa, mmoja akiwa mahali mwenzake anaweza kusikia. Nguo zangu za ndani sikuzianika kwenye kamba, kwa sababu lango lilitazama kamba. Nilizianika chini ya kitanda, zikanuka uvundo, na nilizivaa hivyohivyo. Wenzangu Waganda walinicheka mpaka wakachoka.

Sasa sikiliza ugonjwa wangu. Tangu nimzae binti yangu, damu yangu ya mwezi haikujua kusimama. Wanawake wengine wanahesabu siku, mimi nilihesabu siku za kupumzika. Huku Dubai ikazidi, labda ni lile joto, labda ni kusimama kutwa. Siku moja nikaanguka palepale kwenye rola. Msimamizi alinisubiri nizinduke, akaniambia nikianguka tena, khalas, viza inafutwa, nirudi kwetu. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekusomea bei ya sukari.

Nikaenda kliniki. Daktari, mama mmoja Mhindi mpole sana, akaniandikia vidonge. Nikavimeza, damu ikasikia amri, nikapata nguvu za kubeba hata mashuka ya kitanda kikubwa peke yangu. Nikamshukuru Mungu. Lakini duka la dawa walinirudishia kadi ya bima: hii ni dawa ya kupanga uzazi, bima hailipi. Nikawaambia sipangi uzazi, napanga kuishi. Yule wa dukani akainua mabega. Nikawa nanunua mwenyewe, na mwezi nikinunua dawa, nyumbani hapatumwi kitu cha maana. Duncan akauliza, mara ya kwanza kwa upole.

Utasema, si ungemwambia mumeo? Ungemwambia wewe. Tuna mtoto mmoja, msichana, na watu wa kwao wanamngoja wa pili kama mvua. Neno vidonge likifika kule, hakuna atakayesubiri kusikia neno damu. Watasema Virginia amekwenda Uarabuni kufunga kizazi. Nikanyamaza. Aibu ilinishika mbele ya mume wangu mwenyewe niliyemzalia mtoto, fikiria hapo.

Ndipo kampuni ikawa inabadilisha bima. Arbab, yaani tajiri wetu mwenye kampuni, akasema ataongeza kitu kimoja tu kwenye kadi zetu, tuchague: matibabu ya meno, au dawa za uzazi wa mpango bure kwa wanawake walioolewa. Wanepali walitaka meno, Wafilipino walitaka dawa, tukabaki sisi wa Afrika Mashariki kuamua. Woi! Wiki nzima kambi haikulala vizuri. Jikoni ni hayo, kwenye rola ni hayo. Wanaume ambao hawajawahi kupiga mswaki sawasawa wakawa mawakili wa meno. Wapo waliosema ni dhambi, wapo waliosema ni kufungulia watu mlango wa uzinzi. Wanawake wakicheka wakiinamisha vichwa, halafu usiku huohuo mmoja anakuja kitandani kwangu ananiuliza kwa mnong'ono, hivi hivyo vidonge vinanenepesha?

Mimi nilikuwa nimepanga mambo yangu. Siwezi kusema mbele ya Naftali, basi atanisemea Trinah. Trinah ni Mganda tuliyelala naye chumba kimoja, mdomo wake hauna breki. Alijua ugonjwa wangu wote, ndiye aliyekuwa akinifulia shuka langu nikiwa hoi. Nikamwambia, wewe simama useme tu kwamba kuna wanawake wanaitumia ile dawa kwa ugonjwa, usitaje mtu. Akasema, "Banange, hilo tu? Niachie mimi."

Nisichojua ni kwamba kuna mtu alishaona pakiti yangu kwenye kabati la kazini. Sijui ni nani na sitaki kujua, ningemng'oa macho. Nilichoona ni Naftali kubadilika. Zamani nikipita langoni alisema, "Habari za kazi," akitazama viatu vyake, nami najibu, "Nzuri, baba," nikitazama vyangu. Wiki ile nikipita, anageuka anatazama barabara. Salamu hakuna.

Mkutano ulikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye mesi. Aliyeuendesha ni Madam Amne wa ofisi ya wafanyakazi, mwanamke wa Kizanzibari aliyezaliwa hukuhuku Uarabuni, Kiswahili chake ukikisikia unatamani kurudi shule.

"Haya nyie, mie sikuja kugombanisha watu," akasema. "Tajiri katoa nafasi moja. Semeni la moyoni kwa adabu, kisha mnyanyue mikono, mwende mkapumzike."

Wa kwanza kusimama alikuwa Jeremy, mvulana wa Eldoret wa upande wa kukaushia, mguu wake mmoja ukiwa kwenye plasta. Akasema jino halipangwi, linauma tu, lakini hayo mengine mtu anajitakia. Kwa nini bima yake yeye ilipie starehe ya mtu mwingine? Wanaume wakapiga meza.

Naftali alikuwa bado langoni, basi mdomo wangu ulikuwa huru. "Na huo mguu wako, Jeremy," nikasema, "ulivunjika ukikunja mashuka ya kampuni? Si ulivunjika kwenye mpira wa Ijumaa? Mbona bima yangu ililipia plasta yako na sikupiga kelele?"

Mesi nzima ikalipuka. Muzamiru, dereva wetu wa lori, mzee Mganda mwenye utani, akasema yeye ana watoto saba nyumbani na meno mabovu manne, kwa hiyo shida zote mbili ni zake na hajui alilie ipi. Hata Madam Amne alicheka akafunika mdomo na mtandio. Nikajiona nimeshinda.

Halafu mlango ukafunguliwa, akaingia Naftali. Alikuwa amebadilishana zamu ili aje. Wanaume wa Kenya wakampisha akae mbele, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi chao cha kusaidiana, mtu akifiwa ni Naftali, mtu akikosana na msimamizi ni Naftali. Akisema twende huku, wanaenda. Mimi nikauma ulimi. Nikamkanyaga Trinah mguu: sasa.

Trinah akasimama. "Madam, mimi nataka kusema kuna wanawake wanaokunywa hizo dawa kwa sababu ya ugonjwa, siyo..."

"Samahani dada," akasema Naftali taratibu. "Wewe umeolewa?"

Swali hilo katika nchi hii si utani. Msichana asiyeolewa akionekana na tumbo, polisi wanajua kabla ya mkunga. Na kambi yote ilijua Trinah ana mchumba wake Garhoud. Madam Amne akainua macho. Trinah akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mimi nilisimama kuuliza," akasema, "kama hayo meno ni pamoja na kuyasafisha."

Akakaa. Aki ya Mungu nilitamani kumfinya. Lakini ningemlaumu vipi? Mimi mwenye ugonjwa nilikuwa nimekaa.

Naftali akaendelea kusimama. Hakumtazama Madam Amne, wala Trinah. Alikuwa akitazama mtungi mwekundu wa kuzimia moto uliokuwa ukutani, na ule mtungi ndio aliouambia maneno yake.

"Mimi sina neno na wanaoishi hapa na waume zao. Lakini kuna wake za watu hapa, waume wao wako nyumbani wanalea watoto peke yao, wanajipikia. Vidonge vya uzazi wa mpango ni vya nini kwa mwanamke ambaye mumewe yuko mbali namna hiyo? Mzazi wa mume akisikia kuna vidonge, amjibu nini mwanawe? Mimi nauliza tu. Yeyote anijibu."

Watu wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kunitazama. Moto ukanipanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Na hapo ndipo nilipoelewa, mjinga mimi. Naftali hakuwa anajadili bima. Alikuwa ananiuliza mimi. Alisikia habari ya pakiti, akakaa nayo wiki nzima langoni, na kuniita kando kuniuliza hawezi, heshima hairuhusu. Mtu mwingine angenitumia mtu. Yeye akaona njia ya heshima ni kuuliza mbele ya watu wote, huku akiutazama ukuta! Nani mwingine chini ya jua angefanya kosa hilo kama si Mkisii mwenye adabu zake?

Nikasimama. Nami nikatafuta pa kutazama, nikamtazama Madam Amne peke yake.

"Madam, mwambie aliyeuliza kwamba nimemsikia."

"Si huyo hapo?" akasema Madam Amne. "Mwambie mwenyewe."

"Siwezi, madam."

Naftali akauambia mtungi, "Madam, mwambie aliyejibu kwamba Jumapili nikipiga simu, kuna mtu ataniuliza. Nami sisemi uongo."

Kuna waliocheka. Madam Amne akatutazama mimi na yeye, mimi na yeye. "Nyie mna nini?"

"Ni mkwe wake, madam," akasema Jeremy kwa sauti ndogo. "Baba mkwe."

"Aaa." Uso wa Madam Amne ukabadilika. Wazanzibari nao mkwe wanamjua. "Bwana Naftali, hebu toka nje kidogo, mwanangu, mwache mwenzio aseme."

"Nikitoka nitaletewa maneno ya watu," akasema Naftali, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nimeshaletewa ya kutosha. Kama ana neno, nilisikie mwenyewe."

Lo! Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Ninyamaze, Jumapili Duncan anaambiwa mkewe ni malaya. Niseme, nimvulie nguo baba mkwe wangu mbele ya mesi nzima, kwa mdomo wangu. Nilimtazama Madam Amne nikiwa naomba aniokoe, nani mwingine angeniokoa?

"Mficha uchi hazai, binti yangu," akasema polepole. "Sema."

Nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba.

"Madam, mwambie kwamba mimi natoka damu. Sio ya siku mbili tatu kama wenzangu. Inaanza na haiishi. Ile siku nilipoanguka kwenye rola, yale mashuka ya hoteli yaliyorudishwa yakafuliwa upya, mkaambiwa ni mafuta ya mashine, hayakuwa mafuta. Ilikuwa damu yangu. Trinah ndiye aliyeyarudisha kufuliwa kabla mtu hajayatazama vizuri. Hivyo vidonge daktari alinipa ili damu isimame. Nisipovimeza nitaanguka tena na nitafukuzwa. Mwambie kwamba mume wangu ndiye wa mwisho kunigusa, tangu nitoke nyumbani hakuna mwingine. Mwambie sikumwambia mtu kwa sababu naona aibu. Na sasa nimesema, na aibu haijapungua hata kidogo."

Hakuna aliyecheka. Nilijiona mchafu. Nilijiona nimesimama pale nimevaa lile shuka lenyewe. Wanaume waliokuwa wakipiga meza sasa walikuwa wanachunguza kucha zao, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo, kila mmoja atakayeniona nikiinuka kwenye kiti atatazama kiti.

Naftali akavua kofia yake ya ulinzi. Akaishika mbele ya uso wake, hivi, kama mtu anayejikinga jua, akatembea akiwa ameinama, akagonga meza, akagonga bega la mtu, akafika mlangoni akatoka. Kwetu, alichokisikia baba mkwe hakipaswi kusikiwa, na aliyekisikia anaondoka mbele ya macho ya aliyekisema. Nilimsikitikia na bado nilikuwa nimemkasirikia, vyote viwili.

Madam Amne akakohoa. "Haya. Wanaotaka dawa, mikono juu."

Nikainua wangu. Ukawa pekee.

Niliwatazama wale wanawake. Nyinyi mliokuja kitandani kwangu kuniuliza kama vinanenepesha! Nyinyi mliolala na waume zenu Ijumaa iliyopita kwenye vyumba vya kuazima! Wote macho mezani. Nilielewa, lakini hasira ilinikaba. Kuinua mkono pale ni kuwaambia wanaume wote kwamba nawe una mwili. Mkono wangu ukawa mzito kama ndoo ya nguo mbichi.

Akainua Muzamiru. "Meno yangu yamekwisha hata hivyo," akasema, bila kucheka. Halafu Trinah, kiwiko kikiwa mezani, ili akiulizwa aseme alikuwa anajikuna. Wanawake wengine wawili watatu. Basi. Wanaume wa Kenya wamekaa kama walivyokubaliana, wanangoja meno. Niliona kabisa tumeshindwa, na kwamba nimejianika bure.

Madam Amne akawa anahesabu kwa kidole. Kidole kikafika mlangoni kikasimama.

"Na yule bwana?" akauliza. "Anaondoka, au anapiga kura?"

Tukageuka. Naftali hakuwa amekwenda. Alikuwa amesimama kizingitini, ametupa mgongo, uso kwenye jua la barabarani, kofia mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa juu.

Yeye mwenyewe hakuweza kujibu, maana ingebidi aseme mbele yangu anakubali nini. Nikaona hapo hakuna wa kumsemea isipokuwa mimi.

"Anapiga kura, madam," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya dawa."

Jeremy alimtazama Naftali, akautazama mguu wake wa plasta, akainua mkono. Wa nyuma yake akainua. Wakainua wanaume wa Kenya meza baada ya meza, hakuna aliyemtazama mwenzake, na wanawake walipoona aibu imegawanywa nao wakainua. Madam Amne akaacha kuhesabu akasema inatosha.

Mimi nikakaa, nikajifunika uso kwa leso, nikalia kwa sauti mbele ya watu. Trinah akanipigapiga mgongoni, "Tumeshinda, nnyabo, tumeshinda," akidhani ni furaha. Haikuwa furaha. Nilikuwa namwonea aibu Naftali, mtu mzima amesimama amegeukia barabara, mkono juu machoni pa kambi nzima kwa ajili ya damu yangu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sasa anaweza kuushusha.